Kuruta wa Kona ya Bohari

Kila mwaka, wiki moja kabla ya ukaguzi, makuruta walitolewa mabwenini na ndoo za chokaa kwenda kupaka mawe yanayozunguka uwanja wa gwaride. Walianzia langoni, wakapita mbele ya ofisi, na walipofika kwenye kona ya bohari walipaka pia buti za Kuruta aliyesimama pale, kisha wakaendelea na jiwe lililofuata. Hakuna aliyewaagiza wampake. Lakini hakuna pia aliyewaagiza wamruke, na jeshini kisichosogea hupakwa chokaa.

Kuruta alikuwa amesimama pale kwa miaka kumi na tisa. Siku aliyowekwa pale Sajenti Meja alikuwa akifundisha kwata, akatoa amri ya kugeuka kushoto, na yule kijana akauliza kwa nini. Sajenti Meja akamwambia aende konani asimame mguu sawa mpaka atakapomwambia vinginevyo. Mara simu ikaja kutoka hospitali kwamba mkewe amejifungua, akaondoka mbio. Aliporudi siku ya nne alikuwa amesahau kabisa. Kijana bado alikuwa wima, na mkuu wa kikosi alikuwa ameshampita mara mbili na kusema, huyo ndiye askari. Sasa Sajenti Meja angesemaje kwamba alisahau? Akanyamaza, na baada ya muda akaona hata kunyamaza kwenyewe kuna utamu wake.

Kuruta hakula, hakulala, wala hakuzeeka, maana hakuna aliyempa ruhusa ya kuzeeka. Alibaki na miaka yake ishirini na kidevu chake laini. Kwenye daftari la bohari aliandikwa chini ya mtungi wa kuzimia moto. Kumwondoa pale hakukuwa kazi ya kila mtu, kwa sababu kanuni ya kambi ilikuwa moja: amri huondolewa na yule yule aliyeitoa, na wakubwa wote waliopita waliiheshimu kanuni hiyo na kupita zao.

Mama yake alikuja kila Jumamosi na kitana na kitambaa, akamfuta vumbi, akamchana. Alipoanza kuja nywele zake zilikuwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe pe, na wageni walidhani ni bibi na mjukuu wake. Akimaliza, alimfuata Sajenti Meja kumwombea mwanawe, na Sajenti Meja akamjibu, wiki ijayo, mama. Alimjibu kwa adabu zote.

Ukweli usemwe, hakutaka kumwachia. Sajenti Meja alikuwa askari wa zamani, wa buti zinazong'aa mpaka unajiona meno, wa kofia kukaa vidole viwili juu ya nyusi. Somo lake la kwanza kwa kila kundi lilikuwa lile lile: mtu asiye na kofia kichwani si askari, msimpigie saluti wala msipokee amri yake. Vijana wa siku hizi wakimchosha, alikwenda konani, akasimama mbele ya Kuruta, akapumua. Huyu ni wangu, alijiambia. Jioni mkewe alimtania: mke mwenzangu hajambo?

Kisha akahamishiwa pale sajenti mmoja kijana ambaye makuruta walimwita Mwalimu, kwa kuwa hakutoa amri bila kueleza sababu yake. Hakufoka. Kundi lake liliuliza maswali katikati ya kwata, na cha kuudhi zaidi, lilitembea vizuri. Sajenti Meja alilihesabia makosa kutoka dirishani mpaka chai ikapoa, akapata makosa mawili tu. Hilo angelivumilia. Kilichomkereketa ni kwamba kila mchana, wengine wakienda kula, Mwalimu alichukua mwavuli akaenda konani kumfunika Kuruta jua, akimsimulia matokeo ya mpira ya miaka kumi na tisa, mwaka mmoja kila siku.

Sajenti Meja aliona wivu. Aliuona wazi, wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Yeye mwenyewe miaka yote hiyo hakuwahi kufikiria mwavuli.

Zikabaki siku tano astaafu. Jumamosi ile mama alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Baba, mimi sina wiki ijayo nyingi." Maneno hayo yalimwingia. Alinyoosha kofia yake, akashika njia ya konani na neno likiwa limeshafika kwenye ulimi. Pale alimkuta Mwalimu na mwavuli wake, akimweleza Kuruta kwamba siku ile waligeuka kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na ukuta.

Kuruta akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika na chokaa kavu ikadondoka kutoka kwenye buti.

Sajenti Meja hakuwahi kukisikia kicheko hicho. Roho ikamuuma kama jino bovu. Kumbe jibu lenyewe lilikuwa dogo hivyo, na kumbe lingeweza kutoka kwake. "Macho mbele!" akasema. Kuruta akatazama mbele, kicheko kikaisha, na Sajenti Meja akarudi ofisini na lile neno akiwa amelimeza.

Alipanga kumwachia siku ya mwisho, watu wakishatawanyika, Mwalimu akiwa hayupo, ili Kuruta ajue ametolewa na nani. Siku ilipofika aliagwa kwa gwaride, akapeana mikono na kila mtu, akapita bohari akakabidhi fimbo, mkanda na kofia, akatia sahihi. Kisha akaenda konani kichwa wazi. Mama alikuwa tayari amesimama pale na shati la kiraia mkononi.

"Kuruta!" alisema. "Tawanyika!"

Kuruta hakusogea. "Samahani, mzee," alisema kwa upole. "Huna kofia."

Miaka yote hiyo alikuwa akimwita afande. Sajenti Meja alirudi bohari, na mtunza bohari akamwonyesha sahihi yake mwenyewe, wino haujakauka vizuri. Kofia hutolewa kwa askari tu, na askari huandikishwa akiwa na umri usiozidi miaka ishirini na mitano.

Mwalimu aliona mambo yalivyo, akaja mbio akivuka uwanja. Alivua kofia yake, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Vaa hii, afande. Neno moja tu."

Mama alilikunjua shati. Sajenti Meja aliitazama ile kofia, kisha akamtazama Kuruta. Kuruta hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Mwalimu, na macho yake yalikuwa yamejaa shukrani.

"Askari havai kofia ya mwenzake," alisema Sajenti Meja. Ni kweli, kanuni hiyo ipo. Akageuka, akatoka langoni kwa hatua zilizonyooka.

Mama akalikunja shati.

Siku hizi chokaa imefika magotini. Kila mchana mstaafu hunywea chai yake karibu na uzio wa kambi, akihesabu Mwalimu anakaa dakika ngapi konani. Akirudi nyumbani humwambia mkewe kwamba Kuruta bado yuko wima, kwamba hakuna kama yeye, kwamba alimfundisha vizuri.

"Na mama yake?" mkewe huuliza.

"Naye bado amesimama pale, shati mkononi," hujibu, na kuvua viatu vyake ili avipake rangi.