Nusu Kijiko cha Chumvi

Usimwambie Bi Zaitun wa Ujiji kitu kuhusu chumvi. Miaka ishirini ametia samaki chumvi akawaanika, na anajua inavyonyonya maji mpaka mnofu unabaki mkavu. Basi Warundi waliokimbia vita kwao walipomiminika ufukweni mwa ziwa, kipindupindu kikawaingia, yeye akajitolea kukoroga maji ya wagonjwa. Muuguzi Dismasi alimwelekeza: lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko. Akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni alimcheka. Mtu maji yamemtoka mpaka macho yamezama, halafu umtie chumvi? Si ndiyo kumwanika huko?

Hata hivyo aliwakorogea wote kama alivyoagizwa, isipokuwa Leonia. Huyo Mrundi, mwenye kitoto kinachonyonya, alikuwa amemsaidia wiki mbili kugeuza dagaa, na Bi Zaitun alimpenda kweli. Leonia alipougua, dripu zilikuwa zimekwisha, boti ya kuleta nyingine ingefika kesho yake mchana. Dismasi alisema Leonia akinywa sawasawa boti itamkuta hai. Kwa hiyo jagi la Leonia Bi Zaitun alilinyima chumvi, akazidisha na sukari. Jamani, mapenzi gani yale!

Leonia alikunywa jagi baada ya jagi, na ndoo chini ya kitanda ikajaa kila mara. Asubuhi mzee Telesphory wa kitanda cha pili alikaa mwenyewe akaomba uji. Leonia alikuwa akinong'ona tu, "Amazi", yaani maji, na Bi Zaitun akamnywesha yaleyale. Saa tano akaanza kukakamaa na kutetemeka mwili mzima.

Dismasi alionja jagi. Akamtazama Bi Zaitun.

"Chumvi iko wapi?"

Akamweleza yote, bila kuficha. Dismasi hakumpigia kelele, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Sumu ya ugonjwa huu inayafungulia maji ya mwili yamwagikie utumboni, na chumvi inatoka nayo. Mlango wa kuyarudisha upo, ila sukari na chumvi lazima ziingie pamoja, ndipo maji yafuate. Sukari ukiizidisha yenyewe inavuta maji nje."

Boti ilisikika ikinguruma. Dismasi alikimbia akarudi na dripu, akatafuta mshipa mkono huu na ule, akahamia mguuni. Mishipa yote ilikuwa imelala. Leonia alikata roho sindano ikiwa bado mkononi mwa Dismasi.

Bi Zaitun alilia akajilaani, akasema ni yeye aliyemuua.

Alasiri kitoto cha Leonia kikaanza kuharisha. Dismasi akamnyooshea Bi Zaitun kijiko kilekile cha kupimia, maana hapakuwa na mwingine wa kukoroga. Bi Zaitun akapima chumvi, akaisawazisha kwa kidole, akamwita Dismasi aje aone kabla hajaimimina.