Kura ya Seneta Vandermolen

Tangazo lilikuwa tayari, ila sauti ya Gavana mwenyewe. Kwa sheria, kampeni haikuruhusiwa kurusha tangazo lolote la kumshambulia mpinzani mpaka mgombea atamke mwishoni, kwa kinywa chake, kwamba ameuidhinisha ujumbe ule.

Gavana Harlan Brekke aliketi mbele ya maikrofoni. Kwenye skrini mafuriko yakapita tena, maji yakiwa yamefika madirishani mwa nyumba za mji wa Almira. Ukafuata uso wa Judith Vandermolen, seneta wa Wabluu, chama pinzani, aliyewania kiti chake cha ugavana, na sauti nzito ikanguruma: "Almira ilipozama, Judith alipiga kura ya hapana."

"Na alipiga kweli," alisema Trudy Maslanka, mkuu wa matangazo ya kampeni. "Hapa hamna uongo hata chembe, bosi. Wabluu watalia mpaka siku ya kura."

Alipiga, naam. Asilolijua Trudy ni nani aliyemwomba. Masika yale ya mafuriko, vigogo wa chama cha Brekke walipachika katika mswada wa msaada kwa Almira kifungu cha kuwapa wafadhili wao maji ya mto. Brekke hakuthubutu kuwapinga hadharani. Alimpigia Judith simu, akamsihi auangushe mswada, ili msaada uletwe upya bila kifungu kile. Ukaletwa, na Almira ikajengwa.

"Lawama nitaibeba, Harlan," Judith alimwambia siku ile. "Lakini usije ukanigeuzia kibao." Brekke akamwahidi.

"Twende, Gavana," alisema Duane, fundi wa sauti.

"Mimi ni Harlan Brekke, na..." Akakwama.

"Tena."

"Mimi ni Harlan Brekke..."

"Jamani!" Trudy alipiga meza. "Hata kasuku wa shangazi yangu angekuwa ameshamaliza! Tuko nyuma kwenye kura za maoni, bosi. Ukiona haya leo, Januari utarudi kulima soya."

"Nililima soya kabla sijakujua, Trudy."

Duane akacheka, akamwona Trudy alivyomtazama, akanyamaza.

"Kura ile nilimwomba mimi," Brekke akasema.

Trudy aliusogelea mlango, akaufunga taratibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Yeye tu. Na sasa ninyi wawili."

"Na muda wote huu hajafungua mdomo?"

"Hajafungua."

Uso wa Trudy ukakunjuka. "Basi tumepona! Mtu wa namna hiyo hatasema hata umchome moto. Rekodi."

Brekke alikuwa amekuja chumbani akiogopa kushindwa; sasa aliogopa kwamba hesabu ya Trudy ilikuwa sahihi, na kwamba uaminifu wa Judith ndio ungekuwa kamba ya kumnyongea yeye mwenyewe.

"Washa, Duane." Akaiinamia maikrofoni. "Mimi ni Harlan Brekke. Kura ya hapana ya Seneta Vandermolen niliiomba mimi, kwa sababu niliwaogopa watu wa chama changu. Msimlaumu kwa hilo."

"Hiyo hairushwi!" Trudy alifoka. "Chama hakitailipia!"

"Nitaipeleka mwenyewe redioni Almira, kabla ya chakula cha mchana."

"Umejizika, Harlan. Umejizika mzimamzima!" Akatoka, simu sikioni, akimtafuta mwenyekiti wa chama.

Duane alivua visikizi masikioni. "Sauti imetetemeka kidogo pale katikati, Gavana. Turudie?"

"Hapana," alisema Brekke, akinyoosha mkono kulichukua koti lake. "Nipe hiyohiyo. Barabara ya Almira ni ndefu."