Kura ya Hapana ya Mtumiaji wa Kumi

Hapa nyumbani hakuna aijuaye kompyuta kunizidi mimi. Asubuhi, maana yake, mjukuu wangu akishaenda kazini nikabaki peke yangu. Akirudi jioni najua kuiwasha tu, na siku nyingine hata hilo ananikosoa.

Yeye na wenzake waliotapakaa duniani wanatengeneza, kwa kujitolea, programu inayoziwezesha programu za zamani kufanya kazi kwenye kompyuta mpya. Msimbo wake uko wazi: mwenye kujua kusoma asome, mwenye kujua kurekebisha arekebishe. Mimi ni mtumiaji wao. Nina cherehani ya kutarizi inayosikiliza programu moja tu, na kampuni iliyoiunda ilishakufa ikazikwa. Bila hawa watoto, cherehani yangu ni meza ya kuwekea vikombe.

Mwaka jana dada yangu aliugua, akaniomba shuka lenye maua ya bustani ya mama yetu. Maua kumi na mawili. Nilishatarizi kumi na moja toleo jipya lilipotoka, programu yangu ikagoma kufunguka. Mtunza matoleo wao, kijana tunayemwita Haraka, alikuwa amelizima jaribio langu. Jaribio ni kompyuta yenyewe, bila mtu, kuifungua programu na kuangalia kama inafanya kazi. Ikishindwa inawaka nyekundu, na nyekundu huzuia toleo. Langu liliwaka nyekundu, yeye akalizima, kote kukawa kijani. Akaandika mbele ya watu wote kwamba bibi mmoja na maua yake hawawezi kuisimamisha dunia. Walirekebisha baada ya wiki tano. Dada yangu alingoja nne.

Nikanyamaza. Anayenijua anajua kwamba nikinyamaza, heri ningetukana.

Mwaka huu wakakutana kwa video kuamua masharti ya kutoa toleo. Nilimwambia mjukuu aniweke mbele ya kamera, nikajipaka hata poda. Nikapendekeza jaribio lisizimwe mpaka watu wawili wakubali na waandike sababu. Tena watumiaji kumi, mimi nikiwemo, tuwe tunalijaribu kila toleo kwa mikono yetu, na hapana ya mmoja ilizuie. Haraka akacheka, akakubali; alidhani bibi akishapewa kiti hana neno tena. Mjukuu naye akaongeza lake, eti kila tukifungua toleo la majaribio, kompyuta iwapelekee wao picha ya skrini pamoja na saa. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa namtazama Haraka.

Alishatangaza kwamba Jumamosi atalitoa toleo jukwaani, mbele ya watu watakaomchagua kiongozi mpya wa mradi. Uongozi huo anautaka kama mtoto anavyotaka titi. Jumatano kura tisa za ndiyo zikaingia. Yangu ikawa hapana.

Alinipigia saa ile ile. Mwaka mzima hajawahi kunisalimu, leo shikamoo yake ndefu kama foleni ya hospitali. Nikamwitikia marahaba, laini kama mafuta, nikamweleza kwamba nikiifungua programu skrini inakuwa nyeusi kama tako la sufuria. Siku mbili akafukua msimbo mstari kwa mstari akilitafuta kosa. Kila baada ya muda anaandika: bibi, jaribu tena. Namjibu: bado, mwanangu, pole na kazi. Mjukuu akanisimulia kwamba mwenzake hali, halali. Nikasikitika sana, nikaongeza sukari kwenye chai.

Ijumaa jioni mjukuu aliingia na kompyuta kwapani, akalaza simu mezani, akasema Haraka yuko hewani.

"Bibi," ikatoka sauti imekauka, "mimi ndiye niliyelizima lile jaribio. Habari za dada yako nimezisikia leo. Nisamehe."

Mwaka mzima nilikuwa nikiyangoja maneno hayo. Nikayaonja, nikayaona matamu, nikataka mengine.

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini programu ndiyo haifunguki."

"Haifunguki kabisa?" mjukuu akauliza.

"Tangu Jumatano. Weusi mtupu."

Hakubishana nami. Akafungua kompyuta yake, akaigeuza nione. Picha iliyotoka kwenye mashine yangu, ya leo, saa nne na dakika kumi asubuhi: programu imefunguka wazi, na katikati ya skrini kuna mchoro wa kola, majani madogo yamezunguka, nukta tatu za njano kila pembe.

Nikasema picha za kompyuta siku hizi haziaminiki. Nikasema huenda ni ya mtumiaji mwingine.

"Mwingine nani mwenye cherehani kama hii?"

Mkono wangu ulishapanda wenyewe shingoni, ukaifunika kola ya blauzi niliyovaa.

"Ondoa mkono, bibi," akasema mjukuu wangu.