Za Watu wa Melini

Watu wa Ileje waliokuja msibani walisema baba aliuawa na hamu ya kuona bahari. Naandika kwa sababu si kweli, na kwa sababu mimi nilikuwepo. Baba aliwahi kuiona bahari ujanani, akarudi akasema ni maji. Alichotaka safari hii ni kumwona mdogo wangu Gwamaka akiwa kazini.

Gwamaka anafanya kazi kwenye meli ya watalii, zile zenye ghorofa nyingi kama hoteli. Alianzia chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia ambako mgeni hafiki, kisha wakampandisha kutandika vyumba. Mshahara ni mdogo. Kinachomsaidia ni bakshishi, kile ambacho wageni wanaacha wakishuka. Mabati ya nyumba yangu ya Mpemba, karibu na Tunduma, yametoka huko, na mtaji wa duka pia.

Mwaka huu kampuni yao iliwaruhusu wafanyakazi wa muda mrefu kuwaleta wazazi kwa nauli nafuu, safari fupi ya kutoka Dar es Salaam kwenda visiwani na kurudi. Mama alishatangulia mbele za haki, hivyo nafasi ya pili ikawa yangu. Gwamaka akalipa nauli zote mbili, halafu akatuma ujumbe wa sauti.

"Dada Yunisi, nauli isikudanganye. Hiyo ni kulala na kula tu. Soda inaandikwa kwenye akaunti ya chumba. Picha inaandikwa. Intaneti msiiguse kabisa. Mkitaka kuzungushwa na gari lao visiwani, hiyo ni hela nyingine. Halafu kila siku wanakata bakshishi kwa kila kichwa, mtake msitake, siku ya kushuka unaletewa bili. Na daktari wa melini ndiye ghali kuliko vyote. Kwa hiyo msiugue!" Akacheka.

Tulikuwa nyuma ya duka, baba kwenye kiti cha plastiki, simu iko juu ya kreti. Hakucheka.

"Rudisha pale pa bakshishi."

Nikarudisha.

"Wanakata wao wenyewe?"

"Wao wenyewe, baba. Ni rahisi, hata huhitaji kushika kitu."

"Sasa mimi nitakuwa nimempa nani?"

Ni lazima nieleze hapo. Baba, Mzee Ezron, alilima kahawa kwenye vilima vya Ileje mpaka miguu ilipovikataa nikamchukua kwangu. Kila msimu vibarua wakimaliza kuchuma aliwalipa ujira wao. Kesho yake aliwaita tena, mmoja mmoja, akamtaja kila mtu kwa jina lake na kumwekea kitu mkononi kwa mikono miwili. Ilikuwa pesa kidogo, au sukari, au kipande cha nyama. Kwake ujira ulikuwa deni, na deni halina shukrani ndani yake. Hiki cha pili ndicho kilikuwa shukrani, na hakikukosekana hata miaka ambayo kahawa haikuwa na bei. Wazee wengi wa kwetu walifanya hivyo, lakini baba alikuwa mkali zaidi. Msimu mmoja mama alichoka kuwasubiri, akampa jirani sukari awafikishie vibarua. Baba alipojua alipanda vilima siku nzima kuomba radhi nyumba kwa nyumba.

Basi bajeti yetu ya melini ikawa na mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la bili, nililipanga mimi na nikamtumia Gwamaka kwa simu aliweke kwenye akaunti ya chumba mapema, tusije tukamwaibisha mbele ya wakubwa wake. La pili lilikuwa la baba, kutoka kwenye pesa yake ya mwisho ya kahawa. Aliliita za watu wa melini.

Alimwagiza Gwamaka atume majina. Yakaja: Rodelio wa mezani, Putu msaidizi wake, Suresh wa usafi wa korido.

"Na wa kufulia?" baba akauliza kwenye simu.

"Baba, hao hamtawaona."

"Wewe ulipokuwa huko chini, hukuwa mtu? Nipe majina."

Majina yakaongezeka. Baba akawa anajizoeza kuyataja, asubuhi akiota jua mbele ya duka. Rodelio lilimshinda, lilitoka Lodelio. Putu ndilo alilipenda.

"Putu! Putu!"

Jirani yangu Nesta, anayeuza nyanya upande wa pili, akaita, "Mzee Ezron, kuku wangu wote wameshakimbilia huko. Unawapa nini?"

"Wewe nyamaza. Huyu ni mtoto wa watu, anamletea mwanangu chai akiumwa."

"Basi mwambie na mimi anilete. Naumwa kila siku."

Alitaka noti za dola moja moja, safi, ili kila mtu apate kadiri yake na pasiwe na kuombana chenji. Noti hizo ni adimu. Alikuwa akipanda bajaji mpaka Tunduma mpakani, akiuliza duka moja la kubadilishia fedha baada ya jingine, wakimpa chache, akirudi siku nyingine. Zilizochakaa alizirudisha. Jioni alizipanga kwenye bahasha, akiniomba niandike jina juu ya kila moja.

Ni kwenye safari hizo nilipoanza kuona suruali zinamlegea. Mkanda alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Akishuka kwenye bajaji alikuwa anakaa kwanza kwenye ngazi za duka, anasema anaangalia malori. Kutoka Mpemba malori yanaonekana kila saa ya Mungu, hakuna anayekaa kuyaangalia.

Nesta ndiye aliyeniambia. Tunatumia choo kimoja uani. Alinivuta pembeni ya meza yake ya nyanya.

"Mdogo wangu, usinione mbea. Baba yako anatoa choo cheusi kama lami. Marehemu mume wangu alianza hivyo hivyo."

Nilimpeleka zahanati siku ileile. Daktari alimminya tumbo, akamkagua macho na kucha, akapima damu. Akasema damu ni ndogo, na kwamba huenda kuna kidonda tumboni kinachovuja. Tusikae, twende Mbeya akapimwe kwa kamera, na wakimkuta hivyo watamlaza na kumwongezea damu.

Tulipofika nyumbani nikaweka bahasha zake zote mezani.

"Baba, hizi zinatosha kipimo. Za kulazwa nitauza friji la soda."

"Meli inaondoka lini?"

"Baba, achana na meli."

"Nimekuuliza."

Nikamwambia. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

"Wakinilaza, meli itaondoka," akasema. "Itaondoka na nauli ambayo mtoto ameilipa kwa kuinama chini ya vitanda vya watu. Kipimo kitanisubiri. Tukirudi utanilaza hospitali unayotaka, hata mwezi."

"Na ukizidiwa katikati ya maji?"

"Nimezeeka, Yunisi. Tumbo la mzee halikosi neno."

Nilimpigia Gwamaka nikamweleza. Akasema twende Mbeya, nauli ipotee tu. Baba akachukua simu mkononi mwangu.

"Sikiliza, mwanangu. Uliponiambia nije, umewaambia wenzako kwamba baba yako anakuja?"

Nilimsikia Gwamaka akijibu, "Nimewaambia."

"Wananisubiri?"

"Wanasubiri, baba. Lakini..."

"Basi nakuja. Tena nakuja na mikono yenye kitu." Akakata simu.

Nikajaribu njia nyingine. Nilitoa noti kidogo kutoka kila bahasha nikaziweka kwenye bahasha ya peke yake, nikaandika: daktari wa melini. Nilifikiri kama hataki wa Mbeya, basi walau wa huko. Alizihesabu siku hiyohiyo, maana alizihesabu kila siku. Alikuja dukani akiwa ameshika bahasha yangu, mbele ya wateja.

"Hii umeitoa kwa nani?"

"Kwa wote, baba, kidogo kidogo."

"Huyu Putu umempunguzia, na huyu wa kufulia ambaye hakuna anayemkumbuka umempunguzia, ili nipewe mimi ninayekwenda kulala bure na kula bure?" Hakupaza sauti. "Umewahi kuniona namega cha kibarua?"

"Sijawahi."

"Basi rudisha. Na Gwamaka amesema tusiugue. Sitaugua."

Nikarudisha, wateja wakiangalia.

Tangu siku hiyo akawa mzima. Nikimuuliza choo kikoje, kizuri. Chakula, ameshiba. Nilimkuta akinywa maziwa baridi na vidonge vya kupunguza gesi, akasema ni kwa ajili ya basi, kichefuchefu cha njiani. Alikuwa akichelewa kutoka chooni, na akitoka alikuwa ameshamwaga ndoo nzima ya maji. Mara mbili nilimwambia twende hata tukapime damu tu. Mara zote mbili alinijibu, "Tukirudi."

Asubuhi ya safari alivaa koti la harusi ya Gwamaka, ambalo sasa lilimpwaya mabegani, bahasha zikiwa mfuko wa ndani. Nesta alitusindikiza mpaka kituoni.

"Mzee, msalimie Putu."

"Nitamwambia una wivu."

Basi lilitoka Tunduma likiwa limejaa, tukapata viti vya nyuma. Tulipofika Vwawa aliomba maji. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi na umelowa jasho. Nikasema tushuke. Akatikisa kichwa, akafumba macho, akaanza kutaja yale majina polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anayesali. Tulikuwa tunaingia Mlowo alipoinama mbele na kutapika damu. Ilikuwa nyingi, yenye mabonge meusi. Ililowesha koti lake na miguu yangu na sakafu ya basi.

Mwanamke wa kiti cha mbele alipiga kelele. Kondakta alikuja, akaona, akamgongea dereva.

"Mama, mshushe hapa hapa. Huyu hafiki Dar. Huyu hata Mbeya..." Hakumalizia. Alinisaidia kumbeba, ni lazima niseme hivyo, na damu ikamwingia kwenye shati.

Kituo cha afya kilikuwa kando ya barabara. Muuguzi alimtundikia maji, akampima presha mara mbili. "Anahitaji damu sasa hivi, tena nyingi. Apelekwe Mbeya. Gari la wagonjwa limepeleka mzazi, ukiweza tafuta gari usisubiri."

Pale Mlowo magari hayakosi, kuna wanunuzi wa mazao kila kona. Nilimpata mmoja mwenye gari dogo. Alitaka pesa mkononi kwanza. Shilingi zangu zilikuwa zimeishia zahanati na kwenye tiketi za basi. Nikarudi ndani, nikaingiza mkono kwenye koti la baba.

Alikishika kiganja changu. Sikujua kwamba bado alikuwa na nguvu hiyo.

"Hizo si za gari," akasema.

"Baba, niachie."

"Za watoto wa watu, Yunisi."

"Baba, unakufa."

Aliniangalia. Alinielewa, nilimwona akinielewa. Lakini hakuachia. Nilimfungua vidole kimoja kimoja, mimi mwanawe, muuguzi akitazama pembeni, nikazitoa. Bahasha za juu zilikuwa zimelowa. Yule mwenye gari alizifungua, akaona noti za dola moja moja zenye damu, akaanza kusema, "Mama, hizi umezitoa..." kisha akamwona baba akiletwa kwenye machela, akaziweka kwenye dashibodi bila kuzihesabu.

Nilikaa nyuma na kichwa cha baba mapajani. Barabara ilikuwa na malori, dereva alikuwa anayapita akipiga honi. Nilimwambia baba kwamba nitazirudisha zote, nitauza friji, nitakwenda mpakani mwenyewe kutafuta noti safi. Sijui kama alisikia. Hakunitazama tena. Alikata roho kabla hatujafika Mbalizi. Dereva alisogeza gari pembeni, akazima injini, akavua kofia.

"Tuendelee au turudi, dada?"

Simu ikaita. Alikuwa Gwamaka, na nyuma yake nilisikia watu wakicheka na vyombo vikigongana.

"Mmefika wapi? Makambako?"

"Mbalizi."

"Mbalizi? Mpaka saa hizi? Basi gani hilo, linasukumwa na ng'ombe?" Alikuwa na furaha, alikuwa anaongea haraka. "Sikia, chumba chenu nimekiomba mimi. Nimekitandika mwenyewe leo. Rodelio anauliza kama mzee anapenda ugali, atamwambia mpishi. Mpe baba simu."

"Gwamaka."

"Mpe simu, nimwambie kuhusu ugali."

"Gwamaka, baba amefariki. Tuko njiani. Ni sasa hivi tu."

Nilisikia pumzi yake. Vyombo viliendelea kugongana. Mtu akamwita kwa Kiingereza, akamwita tena kwa sauti ya juu zaidi, na mdogo wangu akamjibu kwamba anakuja. Aliporudi kwangu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alikuwa anaumwa zaidi ya mlivyoniambia?"

"Alikuwa anaumwa zaidi ya alivyotuambia sote."

"Kwa nini hakusema?"

Dereva alikuwa ameshuka, amesimama mbele ya gari akilipungia lori lipite. Juu ya dashibodi zile noti zilianza kukauka na kushikana. Nilitaka kumjibu hilo baadaye, tukishamzika. Lakini baadaye yenyewe ingekuwa simu hii hii, maana mkataba wake haumruhusu kushuka.

"Alikuwa anawatunzia wenzako," nikasema. "Alitaka kila mmoja ampe mkononi."

Hakulia.

"Kesho watawapa wageni wengine," akasema. "Kile chumba. Ngoja nikakitandue."

Akakata. Nikamwambia dereva tugeuze.