Mtungi Kwenye Siti ya Mbele

Mtungi huu wa gesi alipewa marehemu mke wangu, Domisiana, kwenye mkutano wa kuhimiza nishati safi. Akapigwa picha nao, akapikia maharage mara mbili, gesi ikaisha. Kuujaza ni mpaka Ngara mjini. Akarudi kwenye kuni zake, na picha ikabaki ukutani ofisi ya kata.

Siku tumbo lilipomshika, Corolla yangu ya zamani ilikohoa ikazima. Petroli ya chupa, nusu yake mafuta ya taa. Nikakimbilia kwa mtendaji wa kata, Thobias. Nikamkuta anachokonoa meno.

"Gari la kata halina mafuta, mzee. Vuta subira."

Domisiana hakuifikia saa sita mchana.

Basi arobaini ilipopita nikamwita Methusela, fundi wa Kisukuma kutoka Bisibo, aliyewahi kufunga magari ya gesi Dar es Salaam. Aling'oa siti ya mbele ya abiria, akausimamisha mtungi pale, akaufunga kwa mikanda ya mpira, akavuta bomba mpaka kwenye kabureta. Akanionya mtungi usilale hata siku moja, maana gesi itakuja ikiwa maji na injini itapaliwa. Gari linanuka yai viza, lakini linawaka. Kwa miezi minne nimepeleka wagonjwa sita hospitali Ngara, mtungi nikiujaza huko huko, na hakuna niliyemwambia avute subira.

Ndipo Thobias akasikia mgeni mkubwa anakuja kukagua kama mitungi inapikia. Akaja na mgambo. Nilimweleza mtungi huu una kazi, wagonjwa wanautegemea. Akasema kazi ya mtungi ni jiko. Akaikata mikanda kwa kisu, akaupeleka jikoni kwangu, akamleta jirani yangu Secilia akae kwenye kigoda cha mke wangu, kavishwa kanga ya mke wangu, asonge ugali wa kupigiwa picha. Nikatoka nje nikatema mate.

Saa nne Thobias akarudi mbio, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee Ferdinand."

Miaka yote hajawahi kuniamkia. Mgeni amebadili njia, akasema, yuko Murukulazo, na watendaji wanaitwa huko huko. Nimpeleke.

"Gari la kata je?"

Akatazama viatu vyake. "Halina mafuta."

"Vuta subira, mwanangu."

Secilia akacheka huko jikoni.

"Mzee, nitapoteza kazi."

"Mtungi unapika. Si uliamuru mwenyewe?"

Akaingia jikoni, akazima jiko mwenyewe, ugali mbichi, akaubeba mtungi kifuani na shati lake jeupe. Nikaunganisha bomba. Mikanda alishaikata, kwa hiyo ilibidi achuchumae pale palipong'olewa siti, aukumbatie usilale. Kila shimo mtungi uliinama, injini ikapaliwa, nami nikamkumbusha kazi yake. Kioo cha upande wake hakishuki. Kwenye kilima cha pili alitapikia kofia yake. Akina mama wa sokoni wakamwona, wakamuuliza kama huyo ndiye mchumba mpya.

Tulipofika, mgeni alishaondoka. Tulikuta viti vya plastiki na chupa tupu za maji.

Thobias akataka turudi. Sikuwasha.

"Vua mkanda."

"Wa suruali, mzee?"

"Uliikata mikanda yangu. Vua."

Akauvua. Ngozi nzuri, sijui kodi ya nani. Nikaufunga mtungi, nikakaza. Nikamwambia siku akiutaka mtungi tena aje auchukue mgonjwa akiwa amelala humo. Akakaa siti ya nyuma, kashika suruali kwa mkono mpaka nyumbani.

Jumanne nilimpeleka mama yake Secilia hospitali. Mkanda bado umeshika. Gari la kata liko pale pale uani kwa ofisi, nyasi zimeota mpaka kwenye milango. Na Thobias bado ndiye mtendaji wetu.