Jeneza la Trela

Nimewahi kuchora chui kwenye bucha moja hapa Mfaranyaki, Songea, mbuzi waliokuwa wakisubiri kisu wakakata kamba na habari zao zikaja kusikika Namtumbo. Nimechora samaki kwenye ukuta wa hoteli, paka wa mtaa mzima wakahamia pale kulamba chokaa. Hayo unaweza kuyapunguza utakavyo. Hili la jeneza liache kama lilivyo, maana hata mimi nimejaribu kulipunguza nikashindwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kazini walikuwa wametupunguza, na mjini kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikitoboa dirisha akafungua duka. Duka likataka jina, jina likataka mchoraji. Nikanunua brashi nikajifundisha mwenyewe. Vibanda vya video navyo vikaota kama uyoga: mabati, mabenchi, runinga moja, deki moja na jenereta la kukohoa huko nyuma. Watu walitazama Wachina wakipigana mpaka watoto wa Songea wakawa hawapigi hodi, wanapiga teke.

Hapo ndipo Mwalimu George alipokuja na wazo lake. Alikuwa kijana wa Tanga, amepangiwa sekondari moja ya hapa mjini, mpole, mwenye maneno mengi. Aliazima kamera ya video kwa mfanyabiashara aliyekuwa anapiga picha za harusi, akatengeneza filamu na wanafunzi wake. Binti anakufa ghafla, kijiji kizima kinatafutana ubaya kujua nani kamuua. Binti huyo aliigizwa na Lukresia wa kidato cha tatu.

Lukresia alikuwa jirani yangu, mtoto wa Brigita. Brigita alikuwa amezika mume, amezika na wadogo wa Lukresia wote, kabaki na huyu mmoja. Anamtazama kama mtu anavyotazama koroboi wakati wa upepo. Siku hizo alikuwa amelazwa hospitali ya Peramiho, moyo unamsumbua, na daktari alikuwa amesema asishtuliwe na jambo lolote. Kabla ya kwenda alimwambia binti yake mbele yangu:

"Nikirudi nikukute kwenye vitabu. Maigizo waachie wasio na mama mgonjwa."

"Ukiniona kwenye runinga utakubali, mama."

"Wee! Na huyu Mhehe ndiye anayekutia ujinga?"

"Mimi nimekuja kuomba chumvi tu," nikasema.

"Chumvi ya kuungia mbwa wa nani?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi Mhehe, wao Wangoni, ni watani tangu babu zetu walipochoka kuuana. Siku alipozikwa mume wake niliingia kaburini kabla ya maiti, nikalala chali, nikakataa kutoka mpaka nikapewa kuku. Mtani ndiye anayethubutu kucheza na kifo nyumbani kwa mwenzake, na ndiyo kazi yake msibani. Mtani asipokuja, msiba unakuwa mzito, haunyanyuki.

Basi filamu ilipokwisha, Mwalimu George akasema inataka trela.

"Mzee Makarius, watu waonjeshwe kidogo tu. Wakishaonja, watakuja wenyewe."

Akaunganisha deki mbili, akachagua vipande. Kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha msiba. Walikuwa wamekipiga nyuma ya shule, wakawaita kina mama wa hapa mtaani waje kulia. Mwanzoni walilia kama watu waliotekenywa. Mwalimu akasema, "Jamani, aliyekufa ni mtoto, siyo kuku!" Mama mmoja, Walburga, akamkumbuka kaka yake aliyekufa machimboni. Akaachia kilio chenyewe, wenzake wakapokea, kila mmoja na maiti wake. Hazikupita dakika nyingi majirani wakaja mbio, huyu na kuni kichwani, yule na unga kwenye ungo. Hapa kwetu kilio kikisikika huulizi kwanza, unabeba. Mwalimu akafurahi, akawapiga picha na wao.

"Asanteni, mmeigiza vizuri sana!"

Hawakucheka. Waliusimamia unga wao, hawajui waurudishe au waumwage. Walburga alimuuliza Lukresia, "Sasa tanga hili nani atalianua?" Mtoto akamwambia ni sinema tu.

Mimi nikapewa kazi ya bango. Ubao mrefu wa plaiwudi, jeneza limefunguliwa, Lukresia ndani yake na msalaba kifuani. Nilimchora mpaka kope. Nilipoliegemeza nje likauke, mzee mmoja alivua kofia akapita taratibu, nami nikajisikia mtu mkubwa. Chini niliandika jina la filamu, lakini kwa herufi ndogo. Mwalimu alitaka watu wasogee karibu wasome.

Lililobaki lilikuwa sauti. Mwalimu alichukua sauti ya trela akaiingiza kwenye kaseti kwa ajili ya gari la matangazo. Kilio kinaanza, kinapanda, halafu yeye mwenyewe anasema kwa sauti nzito: "Lukresia wa Mfaranyaki hatunaye tena. Amekufaje? Nani kamuua? Njooni Jumamosi jioni, kibanda cha video cha sokoni, mtajua!"

"Jina si libadilishwe?" nikauliza.

"Hapana, mzee. Watu waje wamwone mtoto wao."

Gari la matangazo lilikuwa pikapu ya Shukuru, yenye spika mbili kama masikio ya punda. Ndiyo iliyotangaza mpira, dawa ya mende, mtoto aliyepotea, na ndiyo iliyotangaza misiba. Mji mzima ulijua hivyo. Jumamosi asubuhi tulifunga bango ubavuni, Shukuru akaondoka na kaseti yake, na kilio cha Walburga kikapita Mfaranyaki kikielekea Bombambili.

Baadaye Lukresia alinikuta nachora kibao cha fundi cherehani. Hakuniamkia.

"Babu, gari liko wapi? Watu wanakuja nyumbani na unga. Wanashika ukuta wanalia. Wakiniona wanakimbia."

"Litakuwa mjini."

"Mjini halipo! Mwenye kibanda anasema Shukuru kaenda Peramiho, leo kule kuna watu wengi."

Brashi ikanidondoka. Yeye alikuwa tayari anakimbia kwa Mwalimu.

Mwalimu George alikuwa na pikipiki. Tukapanda watatu, Lukresia katikati, mimi nyuma na mkoba wangu wa rangi begani, kwa kuwa sikukumbuka kuuvua. Pikipiki ile ilipanda vilima ikiomboleza yenyewe. Mwalimu akawa anapiga kelele kupitia bega lake:

"Watasikiliza mpaka mwisho! Mwisho inasema ni filamu!"

Lukresia alikuwa anasema, "Asimpite wodini, asimpite wodini," na mimi nayasikia maneno hayo mgongoni mwake kama homa.

Tulikuwa tumeshakipita kijiji cha Likuyufusi tuliposikia kilio. Kwanza kama nyuki, halafu kikawa chenyewe, kinatujia. Pikapu ilikuwa inarudi. Kilio kilipanda, kikafika kileleni, kikakatika, kikaanza upya. Maneno ya Mwalimu hayakuwemo.

Mwalimu akasimamisha pikipiki katikati ya barabara. Shukuru akafunga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Mnataka kufa?"

"Maneno yangu yako wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Ninarudisha kaseti kabla hayajaanza. Maneno hayatoi watu ndani, mwalimu. Kilio ndicho kinachowatoa!"

Ndipo tukaona nyuma ya pikapu. Brigita alikuwa ameketi kwenye bodi, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Kajifunika blanketi la hospitali, khanga kichwani, mgongo kaegemeza kwenye ubao ule ule, binti yake amelala pembeni yake kwenye rangi za mafuta, spika zinalia juu ya kichwa chake. Baadaye Shukuru alituapia kwamba mama huyo alimsimamisha njiani akasema anaomba lifti ya Mfaranyaki, naye akampa kwa wema. Hakumwuliza anakwenda kufanya nini.

"Zima!" nikamfokea. Akazima.

"Mama!" Lukresia akapanda gurudumu. "Mama, ni mimi!"

Brigita alimtazama. Halafu akavuta khanga, akajifunika uso.

"Mwondoeni," akasema.

"Mama, sijafa. Ni maigizo. Nishike mkono."

"Mwanangu nimeshamlilia tangu wodini. Nimemlilia njia nzima. Sijui huyu ni nani."

Mkono wake ulikuwa kifuani, na pumzi yake inakwaruza. Mwalimu George akasogea, akaanza kueleza. Alieleza filamu, akaeleza trela, akaeleza kuonjesha watu. Maneno yake yalikuwa sahihi yote, lakini kila alivyoyasema mama alizidi kujikunja ndani ya blanketi.

"Baba," Brigita akamwambia Mwalimu mwisho, sauti ndogo. "Huyo mtoto mmemlilia kweli au hamkumlilia?"

"Tulimlilia, lakini..."

"Watu walikuja na unga?"

"Walikuja."

"Jeneza hili hapa. Kilio kimetangazwa mpaka misheni. Sasa mnaniambia hakuna maiti." Akapumua kwa shida. "Jeneza haliwezi kurudi tupu. Litamngoja mwenye sura hii."

Mwalimu alinigeukia. Lukresia alikuwa ameteremka, amekaa chini vumbini, mikono juu ya kichwa, kama watoto wanavyokaa msibani, na nilipomwona hivyo nilipata hofu ambayo chui wangu hakuwahi kumpa mbuzi yeyote. Alikuwa anaanza kuamini kwamba amekufa.

Ndipo ile khanga ikafunuka kidogo, jicho moja likanitazama.

"Na wewe Mhehe? Umesikia msiba ukaja kutafuta nyama?"

Nilimjua Brigita miaka mingi. Sauti ilikuwa ya mgonjwa, lakini mlango aliokuwa anaufungua, wa utani, niliujua.

"Nimekuja," nikasema. "Nimeona jeneza zuri hivi, mmemweka mtoto mwembamba. Mnapoteza mbao. Wangoni hamjui kuzika."

"Ingia wewe, basi."

"Kuku yuko wapi?"

"Ingia kwanza! Kuku wa kaburi la mume wangu ulimla, hukumaliza kulipa."

Nikafungua mkoba. Nilikuwa na nyeusi, nyeupe, na kahawia kidogo ya kibao cha fundi. Nikashusha ubao, nikauegemeza kwenye pikipiki. Uso wangu sikuwahi kuuchora, kwa hiyo Mwalimu akanigeuzia kioo cha pikipiki nijitazame. Nikaanza na kipara. Kipara kikamfunika Lukresia nywele. Nikaweka ndevu, zikameza kidevu chake. Watu walikuwa wameanza kukusanyika kutoka mashambani, waliosikia kilio cha kwanza, na kweli mama mmoja alikuwa na kikapu cha mahindi.

"Masikio makubwa zaidi," Brigita akasema kutoka juu ya gari. "Usijipendelee."

"Haya."

"Na pua. Pua ya kunusa vyungu vya watu."

Mtu mmoja akacheka. Mimi nilicheka pia, lakini mkono haukucheka. Nilikuwa ninajifunga ndani ya jeneza kidogo kidogo, na rangi ilikuwa inashika vizuri mno. Mwisho likabaki jicho moja la Lukresia, lenye zile kope nilizojivunia. Likanitazama kutoka katikati ya uso wangu. Nikasita.

"Hilo nalo," Brigita akasema.

Nikalifunika.

Hapo ndipo alipoteremsha khanga mabegani. Akatazama chini, kule vumbini.

"Lukre. Hujaniamkia."

Mtoto akainuka. Hakusema shikamoo, alipanda tu akajitupa miguuni pake, na mama akamshika masikio, akamshika pua, akamshika vidole kimoja kimoja kama anayenunua kitu sokoni. Halafu moyo ukamshika kweli, akalala upande. Shukuru aligeuza gari bila kuambiwa. Brigita alirudishwa wodini, akakaa huko mpaka mvua za masika zikaisha, na kwa wiki nyingi hatukujua angetoka kwa mlango upi.

Filamu ilionyeshwa jioni ile ile. Waliokuja walikuwa wachache, nao walitaka kujua mzee wa kwenye bango anatokea wapi. Mwalimu George aliomba uhamisho mwaka uliofuata. Walburga na wenzake walikuja kwangu na ule unga, wakasonga ugali uani, wakala, wakanawa, wakasema tanga limeanuliwa. Na kwa kuwa marehemu nilikuwa mimi, kwenye kitoweo sikupewa hata kipande.

Brigita aliuchukua ubao. Uko nyuma ya mlango wake mpaka leo. Lukresia hakuigiza tena. Anafundisha Mbesa, ana watoto, na likizo huwa anawaleta kwa bibi yao. Na tangu siku ile Brigita hajaniita jina langu. Nikipita anasema, "Marehemu, karibu chai," nami nakaribia. Miaka mingi tumeicheka hiyo.

Mvua za mwaka huu kifua kimenibana. Nalala nimekaa. Juzi nikatia brashi mfukoni na kopo la nyeupe, nikaenda kwake.

"Mama, nataka nikautengeneze ule ubao. Rangi imechakaa. Nitafuta kidogo."

Hakuuliza nitafuta nini. Alinimiminia chai, akatazama nje, ambako wajukuu walikuwa wanafukuzana kuzunguka kisima.

"Ukitoka wewe, Marehemu," akasema, "ataingia nani?"

Nilikunywa chai yangu. Brashi ilibaki mfukoni.