Gauni la Munira Halifuliwi

Mzee Mwishehe alikuwa dobi wa Tabata tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni, na hakuwahi kukataa nguo ya mtu. Asubuhi ile alikataa ya Munira, mpangaji mwenzake, mwanamke mzima wa miaka thelathini.

"Shikamoo baba. Nifulie hili gauni, uliloweke kabisa."

"Marahaba. Mbona limechanika?"

Munira alikaa, akasema taratibu. Jana jioni bosi wake alifunga mlango wa stoo, akamwingilia kwa nguvu.

Mzee alisogeza beseni kwa mguu. Marehemu mkewe alikuwa mhudumu wa wodi, na mengine alimfundisha.

"Hili halifuliwi. Umeoga?"

"Bado. Bomba limekauka tangu juzi."

"Leo ndiyo mara ya kwanza wakubwa wa maji kumsaidia mtu! Usioge mpaka daktari akuone."

Munira akachukua mfuko wa nailoni.

"Nailoni hapana, litavunda na ushahidi wote." Akampa karatasi safi ya kaki, ile anayofungia nguo za pasi. "Lifunge mwenyewe. Usilikung'ute."

"Dobi hataki kufua, hataki nailoni. Utakula nini baba?"

"Nitaitafuna hiyo serikali! Mtu umeumizwa, halafu hospitali hawakugusi mpaka ukaombe fomu ya PF3 polisi. Twende, nikawaambie..."

"Hujaniuliza kama nataka."

Mzee akaona haya. "Haya, unataka?"

"Nataka daktari. Kesi nitaamua mwenyewe. Ila nikiamua, nisikute gauni limepotea."

Kituoni, askari wa kaunta alimtazama mzee. "Binti yako ana shida gani?"

Njia nzima mzee alikuwa ameandaa hotuba, kuanzia bei ya sukari. Munira akamkanyaga mguu.

"Mdomo anao," mzee akasema. "Muulize."

"Nataka PF3," Munira alisema, "na niongee na askari mwanamke."

Akaja Koplo Demetria, akampeleka chumba cha pembeni. Mzee aliachwa kwenye benchi, mlango wazi kidogo.

"Nipe hilo furushi, dada."

"Kwanza andika umepokea nini, saa ngapi, na jina lako. Kesi nitasema nikishatibiwa."

"Makubwa! Nani kakufundisha?"

"Dobi wangu, hapokei nguo bila kuandika. Ila usimwambie, atavimba kichwa."

Kwenye benchi, mzee alikohoa. Koplo aliandika. Munira alisoma mstari kwa mstari, ndipo akaliachia furushi, akachukua fomu yake.